Warefu Watatu wa Papa Gracia

Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025

Nimeamua. Filimbi itakuwa yangu.

Kocha wa wasichana wa basketi wa parokia yetu, hapa Hewa Bora, Lubumbashi, amehamia Kolwezi. Filimbi yake ameiacha mezani kwa Abbé André, padre wetu. Tunaoitaka ni wawili. Wa kwanza ni mimi, Alexis Katongo, Papa Gracia kwa majirani, mchapaji wa barua mjini, mfuasi wa basketi ya Amerika tangu ujana wangu. Wa pili ni Osée Mumba, mwalimu wa hesabu, jirani yangu wa ukuta mmoja. Huyu aliwahi kuwaambia watu kwamba ninajua basketi kama mbuzi anavyojua katekisimu. Sijasahau.

Abbé amekataa kuchagua. Amesema amechoka na ugomvi wetu wa kila Jumapili baada ya misa. Ugomvi wenyewe si mdogo. Kila mwaka mwezi wa sita timu za Amerika hugawana vijana wapya kwa zamu, na wote waliochaguliwa mwaka huo ni promosioni moja. Swali: ukiichukua promosioni moja ukaifanya timu moja, ipi itazifunga zote? Osée anasema 1984. Mimi nasema 1991, kwa sababu ndiyo ya Mutombo, mtoto wa nchi yetu, na sitabadilika hadi kaburini.

Basi Abbé ametoa mtihani. Kila mmoja aandike majina kumi ya promosioni moja, aitetee Jumapili mbele ya kamati ya michezo. Atakayeshawishi atapata filimbi.

Binti yangu Gracia ameuliza ni nani atawafundisha kesho. Nimemwambia asubiri, haya ni mambo makubwa.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Baridi kali asubuhi. Nimevaa pulova mbili na kuanza orodha. Mutombo juu, ndiyo. Larry Johnson. Kenny Anderson. Steve Smith. Hadi hapo kalamu ilikimbia. Kufika jina la saba ikaanza kuchechemea.

Nikapata wazo. Nimempa kila mchezaji asilimia zake, kama matokeo ya mtihani wa serikali. Mutombo asilimia 98. Nimechapa vizuri, nikapiga muhuri wa ofisi yangu chini. Karatasi yenye muhuri haibishiwi katika nchi hii.

Angélique, mke wangu, ameitazama akirudi kwenye cherehani yake. Akauliza kama muhuri huo utaweza kumzuia Michael Jordan, ambaye ni wa 1984. Mwanamke huyu alipaswa kuwa upande wangu.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Ushindi!

Saa nne asubuhi aliingia mama mmoja ofisini, anataka nimchapie ombi la cheti cha shule. Nikamuuliza promosioni yake. Akajibu: 1991–1992. Vidole vyangu vikasimama juu ya mashine.

Tangu lini promosioni ya hapa ikawa na mwaka mmoja? Hakuna. Mwaka wa shule unaanza Septemba, unaisha mwaka unaofuata. Kila mtu Lubumbashi ana miaka miwili kwenye cheti chake. Na Abbé aliandika wazi: promosioni moja. Kwa hiyo yangu ni 1991–1992. Na mwaka 1992 aliingia nani? Shaquille O'Neal! Na Alonzo Mourning! Mutombo, Shaquille na Mourning, pivoti watatu, milima mitatu chini ya kikapu. Nani atapita hapo?

Nimemwandikia Abbé ombi rasmi, kurasa mbili. Nilimkuta akiharakisha kwenda mazishini. Amesaini bila kusoma. Mungu ni mwema.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Abbé ni mtu wa haki kupita kiasi. Ameibandika barua yangu kwenye mlango wa parokia ili sheria iwe moja kwa wote.

Jioni Osée alichungulia juu ya ukuta kunishukuru. Promosioni yake sasa ni 1984–1985. Alikuwa na Olajuwon, Jordan, Barkley na Stockton. Mimi, kwa mkono wangu na muhuri wangu, nimemwongezea Ewing, Karl Malone na Joe Dumars. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hii nilidhani ni ya watu wengine.

Nilimwambia kwa utulivu kwamba mimi nina warefu watatu. Akajibu kwamba penye miti hapana wajenzi, akashuka kwenye kiti chake. Nilimsikia akicheka hadi alipofunga mlango.

Sirudi nyuma. Gracia amesema leo pia wamefanya mazoezi bila kocha, yeye ndiye aliyewapanga. Nimemwambia vizuri sana. Sikuwa nimesikiliza vizuri.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Kamati ilikaa baada ya misa ya pili. Watu watatu: Mama Léonie wa kwaya, mzee mmoja wa jumuiya, na Annie, binamu wa mke wangu. Osée alizungumza dakika kumi na chaki mkononi. Mimi nilizungumza dakika arobaini. Nilionyesha jinsi Mutombo alivyokuwa akizuia mpira, kisha akitikisa kidole cha shahada kumwambia mtu hapana, si kwangu. Nilikitikisa mbele ya pua ya Osée. Kwa bahati mbaya kidole kiligonga glasi, na maji yote yakaingia kwenye daftari la ubatizo.

Mama Léonie aliuliza swali moja tu. Kama wale watatu wote wanasimama chini ya kikapu, ni nani atakayeleta mpira? Nikajibu kwamba mpira utajileta. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Kura: mzee kwa Osée, Annie kwangu. Damu ni damu. Mama Léonie akakataa kupiga kura. Alisema tumetaja wanaume ishirini wa Amerika na hatukutaja jina la msichana hata mmoja wa parokia. "Batoto ba hapa habana kocha," alisema, "na ninyi muko munahesabu bazee ba kule."

Hapo Abbé akaamua. Tuiache Amerika. Jumatano hii Waamerika wanagawana vijana wao. Na sisi tugawane wetu. Wasichana kumi na wanne, tuchague mmoja mmoja kwa zamu. Timu hizo mbili zicheze tarehe 30, sikukuu ya uhuru. Timu itakayoshinda, kocha wake anabaki na filimbi.

Tulirusha kifuniko cha chupa ya bia kujua nani aanze. Mimi! Chaguo la kwanza ni langu!

Jumatano, tarehe 25 Juni

Niandike kila kitu kama kilivyotokea, ili siku moja ijulikane kwamba mpango ulikuwa mzuri.

Wasichana walijipanga kando ya ukuta wa uwanja. Gracia alisimama wa kwanza, kamba za viatu amefunga mara mbili, ananitazama. Kila mtu anajua kwamba katika kupandisha mpira hakuna wa kumfikia. Najua na mimi. Lakini ni mfupi, anaishia begani kwangu. Tena nilikuwa nimepiga hesabu. Mtu mwenye adabu hawezi kumchukua mtoto wa jirani mbele ya baba yake. Osée atamwacha, kila mtu atamwacha, na mimi nitamchukua mwisho kabisa, bila kupoteza chaguo hata moja. Busara tupu.

Nilitoa mfukoni mita ya cherehani ya Angélique, nikapima. Chilufya: mita moja na themanini na nne. Nikatangaza jina lake kwa sauti kubwa.

Nilimwona Gracia akiinamisha macho kutazama viatu vyake.

Osée hakufikiri hata kidogo. Alisema: Gracia.

Nilipinga papo hapo. Nilisema desturi, nilisema heshima, nilisema ujirani. Abbé akasema hapa hatuposi mtu, tunagawana timu. Gracia akavuka upande wa pili bila kunitazama. Niliendelea kwa uthabiti: Falonne, mita moja na themanini na moja, Jeanne, mita moja na themanini kamili. Warefu watatu, kama ilivyoandikwa.

Nyumbani Gracia alikula bukari yake, ugali wetu wa kila siku, peke yake jikoni. Kabla ya kulala akauliza kitu kimoja: "Papa, weye unaonaka tu urefu?" Nilimwambia mkakati hauna undugu. Jibu zuri. Mbona usingizi hauji?

Ijumaa, tarehe 27 Juni

Mazoezi. Chilufya, Falonne na Jeanne wanasimama chini ya kikapu, wanapendeza sana. Tatizo ni kwamba wanasimama mahali pamoja. Jeanne amemkanyaga Falonne mara nne. Hakuna anayeweza kuvusha mpira nusu ya uwanja. Waliobaki wanne niliwachukua kwa haraka na mmoja wao, imegundulika, alikuja tu kumsindikiza dada yake.

Nimetumia saa nzima kuwafundisha kidole cha Mutombo. Hicho wanakiweza.

Usiku huu nikajaribu hila ndogo. Nilimtuma Angélique amuulize Gracia mipango ya Osée ni ipi. Angélique alikataa kwenda, basi nikamuuliza mwenyewe, kwa mbali, kuhusu afya ya mwalimu. Gracia akajibu kwamba ya timu yanabaki ndani ya timu, na kwamba neno hilo alifundishwa na mimi akiwa na miaka tisa, siku ile nilipompa mpira wake wa kwanza. Kisha akanitakia usiku mwema kwa heshima zote. Iliniuma. Afadhali angenuna.

Jumatatu, tarehe 30 Juni

38 kwa 14.

Hizo 38 si zangu.

Uwanja ulijaa, vumbi la kiangazi limetanda, bendera ndogo kila mahali. Gracia alipita katikati ya warefu wangu kama mtu anayepita sokoni na anajua anachokwenda kununua. Alifunga pointi kumi na tisa.

Mara moja tu mpango wangu ulifanya kazi. Gracia aliruka, Chilufya akaupiga mpira ule wa juu, paa! Timu yangu yote ikasimama kutikisa kidole. Jeanne alitikisa, Falonne alitikisa, msindikizaji alitikisa. Mimi nilitikisa vyote viwili, nimepanda juu ya benchi. Hakuna aliyekumbuka kuuokota mpira. Gracia akauokota, akafunga, akarudi nyuma akikimbia. Na mimi, pale juu ya benchi, nilijikuta ninapiga makofi. Nilipiga hadi mikono ikawaka. Angélique aliniona, nikajifanya ninafukuza nzi. Juni hii, na baridi hii, nzi wangetoka wapi.

Abbé akamvika Osée filimbi. Wachezaji wakapita kusalimiana na makocha. Gracia alipofika kwangu alinyoosha mkono kama anavyonyoosha kwa mgeni. "Merci, kocha," alisema. Sijawahi kuitwa kocha kabla ya leo. Nilitamani aniite papa.

Jumanne, tarehe 1 Julai

Mambo yamegeuka!

Asubuhi Osée alichungulia tena juu ya ukuta. Ameitwa kusahihisha mitihani, hatakuwepo wiki mbili. Na tarehe 13 wasichana wetu wanacheza na parokia moja ya mjini. Alininyooshea filimbi. Amesema amekwisha zungumza na Abbé, nichague watano wa kuanza, na kwamba kila mtu anaweza kujifunza. Huyu Osée si mtu mbaya, nimekuwa nikisema siku zote.

Adhuhuri nilikuta karatasi juu ya mashine yangu ya kuchapia. Mwandiko wa Gracia. Majina matano, na la kwanza ni lake. Chini ameandika: "Papa, nijaribu."

Machozi yalinilenga, sioni aibu kuandika hapa. Niliona yote. Niliona viatu vyake vilivyofungwa mara mbili siku ile kando ya ukuta. Nikaona jinsi nilivyokuwa nikipima watu kwa mita, na mwanangu nikimwacha amesimama. Nikaapa kwamba makosa hayo yameisha leo.

Saa tisa akaja mteja kutoka Annexe, pembezoni mwa mji, kuchapisha barua ya shamba. Katika mazungumzo akataja binti wa jirani yake, Léa, ambaye huchuma maembe bila ngazi. Nikauliza urefu. Mteja akainua mkono, akaona hautoshi, akasimama juu ya kiti changu.

Mita moja na tisini, pengine zaidi.

Chilufya, Falonne, Jeanne, na sasa Léa. Milima minne! Hata promosioni ya 1991–1992 haikuwa na minne. Naondoka kesho alfajiri, kabla Osée hajasikia.

Karatasi ya Gracia nimeirekebisha kidogo tu. Léa nimemweka juu, Gracia nimemshusha hadi wa sita, karibu kabisa na watano. Yeye ni wa nyumbani, atanielewa, na safari hii Osée hayupo wa kumchukua.

Angélique anatafuta mita yake nyumba nzima. Nimemwambia sijaiona. Iko mfukoni mwangu.