Kishale Kimepotea Tena

Jumatatu, 4 Machi
Kishale cha kompyuta kimepotea. Kweli kabisa, si hila! Nimesukuma kipanya huku na huku kama mtu anayepiga pasi, sikioni. Tangu wenzangu wa masjala wahamishiwe ghorofa ya juu, hapa chini tumebaki mimi, mafaili na feni. Nikampigia fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Kasuku. Akaingia kwenye mipangilio, akakikuza kidogo. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Lakini maneno! Mkewe, goti lake, mbuzi wa jirani. Alipoondoka, kimya kiliingia mpaka nikasikia tumbo langu.

Jumanne, 5 Machi
Nina wazo. Jana nilimtazama vidole. Nimeingia mwenyewe kwenye mipangilio, nimekipunguza kishale kikawa punje ya mtama, tena cheupe juu ya kurasa nyeupe. Mjanja mimi! Kasuku akaja, akashangaa, akakikuza. Goti limepata nafuu. Mbuzi kala shuka.

Jumatano, 6 Machi
Nimekipunguza tena. Nikaandaa vikombe viwili vya chai. Kasuku hakutokea. Nikachungulia ngazini: Mhasibu kamkamata, eti printa inatafuna karatasi. Ana ofisi iliyojaa watu, bado anamtaka na wangu! Husuda si tabia yangu, ila namwombea wino umwagike. Chai zote nimekunywa peke yangu. Balaa jingine: leo nilikipunguza mno, hata mimi sikioni. Kutwa nzima sijafanya kazi.

Alhamisi, 7 Machi
Kasuku amekuja, hakuketi. Amekifanya kishale kikubwa kama kiatu, cha manjano, chenye mkia. Ukibonyeza kitufe, duara linakizunguka. Akasema sasa hata nikisinzia nitakiona. Kisha akaniuliza, taratibu, kama najua kwamba vishale havijipunguzi. Nikasema labda ni umeme. Hakucheka. "Kaka," akasema, "juu kwetu tunakunywa chai saa kumi. Kiti kipo. Si lazima uharibu kitu ndipo tuonane."
Nikamjibu nitaangalia ratiba. Ratiba gani?
Saa kumi nikapanda hadi katikati ya ngazi. Nikasikia wanacheka, Mhasibu naye akicheka. Nikajifanya nimesahau kitu, ingawa hakuna aliyeniona. Nikashuka.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetafakari sana. Mtu haendi tu kwa watu, bila tatizo lolote mkononi. Watadhani ni mpweke! Nakubali, la kishale limefika ukingoni. Kinaonekana hata kutoka mlangoni. Kosa langu lilikuwa kuchagua kitu kinachotengenezeka.
Kwa hiyo nimebandua herufi tatu za kibodi, nimezitia mfukoni. Nikampigia Kasuku, nikamwambia ni panya. Panya wa kweli, mwenye meno. Akashusha pumzi kwenye simu. Halafu akasema anakuja.
Anakuja! Nimeshafuta vumbi kwenye kiti.