Kila Mtu na Jibu Lake

Jumatatu, 2 Mei 1966
Barua imefika. Padre anakuja Jumapili na msafara wa jeshi, kuwahoji wanaotaka ubatizo. Katekista ambaye darasa lake litajibu vizuri atakuwa mkuu wa makatekista wa Isiolo. Nyumba ya mabati! Baiskeli! Lazima niwe mimi, si Njeru. Njeru amefundisha darasa lake miaka miwili, ati mpaka waelewe. Mimi nina watu kumi na wawili na siku sita.

Jumatano, 4 Mei
Nimepata! Padre huuliza swali la kwanza kwa mtu wa kwanza, la pili kwa wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa benchi. Basi kila mtu atajifunza jibu moja tu. Mzee Lochoro nimempa la sita, “Pontio Pilato”, kwa sababu ni fupi. Kinanu, mwanafunzi wangu mwingine, akauliza, na yale mengine je? Nikamwambia asiwe mlafi.

Ijumaa, 6 Mei
Wanajibu kama redio. Nimempitia Njeru kumpa pole mapema. Akasema ananiombea. Maringo tu! Asho, mama Msomali anayeuza chai chini ya dirisha letu, alikuwa anacheka peke yake. Sijui anacheka nini.

Jumapili, 8 Mei
Aibu! Wanajeshi walitutoa kanisani kukagua vipande vya utambulisho, wakitafuta waasi wa shifta. Wanaume huku, wanawake kule, wote chini. Benchi langu likavurugika. Nilimsihi sajini awapange tena kwa namba. Akauliza ni namba za nini, na bunduki nimeficha wapi. Nikachuchumaa na wengine.

Padre akasema msafara unarudi saa sita, atahoji hapo hapo vumbini. Akamwuliza Mzee Lochoro nani alimuumba. Mzee akajibu kwa sauti kubwa: Pontio Pilato. Mungu yuko wapi? Kinanu: kaburini, siku tatu. Gatakaa wa benchi langu alilia tu. Alikuwa ameshashona nguo ya ubatizo. Hapo niliumia, kwa kweli. Kumbe Asho alikuwa anasikiliza dirishani wiki nzima. Akajibu yote huku akimimina chai. Padre akamwuliza kwa nini asibatizwe. Akasema yeye ni Mwislamu, lakini chai iko.

Darasa la Njeru lilijibu polepole, lakini lilijibu. Njeru ndiye mkuu. Watu wangu watangoja mwaka mzima.

Jumatatu, 9 Mei
Padre ameagiza niketi kwa Njeru, nijifunze upya kama mwanafunzi. Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimehesabu watu kwenye benchi: mimi ni wa tisa. Jibu la tisa nimeshalikariri. Hayo mengine ni kazi ya wenyewe.