Yule Mama wa Kitambaa cha Kijani

Zamani, kabla sijaoa, baba alinituma Lubao kununua ng'ombe mweusi. Nikamnunua. Njiani mvua ikatunyeshea, na tulipofika nyumbani ng'ombe alikuwa na mabaka meupe kila mahali. Muuzaji alikuwa amempaka masizi. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Huyu mtoto macho yake ni ya kulalia." Maneno hayo yamenifuata mpaka uzeeni, na leo yamenikuta Mumias, nyuma ya pikapu.

Leo nimeaibika, jamani. Wacha nieleze polepole, maana nikienda haraka nitalia.

Mnajua mke wangu Rasoa yuko kwao Shinyalu tangu tukosane wakati wa mavuno. (Nani alikosea, tuache kwanza.) Nyumba imekuwa baridi. Nakula obusuma, ugali wetu, nimesonga mwenyewe, ngumu kama tofali. Juzi ujumbe ukaja: mama yake amelainika, Jumamosi atamwachilia arudi.

Basi Wekesa, kijana wa Kakamega mwenye pikapu ndogo yenye mabenchi nyuma, akaniambia, "Mzee, mimi nitaendesha wageni, wewe uwasimulie mambo ya Mumias ya zamani." Shule niliiacha mapema, lakini hadithi ninazo. Nikavaa koti la Krismasi.

Wageni walikuwa akina mama wa kanisa. Nikawapandisha mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa bibi wa kitambaa cha kijani, magoti yamekataa. Nikamshika mkono, nikamshika kiuno, nikamsukuma juu kama gunia la mahindi. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando yake. Nikakaa. Mashimo ya barabara yakatubana nyonga kwa nyonga.

Nikawaonyesha makaburi ya wafalme. Nikawaonyesha msikiti, nikawaeleza misafara ya pembe za ndovu iliyokuwa inalalanga hapa. (Nyingine niliongeza chumvi.) Yule bibi alicheka mpaka akanipiga paja.

"Baba, unajua kuongea," akasema. "Mkeo lazima anafurahinga."

"Mke hayuko. Mama yake amemshikilia."

"Pole. Ni mama wa namna gani huyo?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi nikipewa sikio sijui kunyamaza.

"Mkali," nikasema. "Amemlalia binti yake kama kuku anavyolalia mayai, na binti mwenyewe ana wajukuu. Lakini nimemshinda. Nilituma maneno matamu na blanketi. Jumamosi mke anarudi. Baada ya hapo, yule mama hata akiugua sikanyagi kwake."

Akaacha kucheka.

"Kwao ni wapi?"

"Shinyalu."

"Binti anaitwa nani?"

"Rasoa."

Akaondoa mkono pajani mwangu kama aliyegusa jiko. Akavuta kile kitambaa mpaka kikafunika uso wote.

Mtauliza, mtu anakosaje kumjua mama mkwe wake? Lakini kwetu mama mkwe haangaliwi usoni. Humpi mkono, hukai naye karibu. Akitokea njiani, unaingia kwenye miwa mpaka apite. Miaka yote ya ndoa nimemjua kwa leso na mgongo, na yeye amenijua kwa kofia. Tumeheshimiana mpaka hatujuani.

"Kijana, simamisha gari," akamwambia Wekesa. Kisha akawageukia wenzake, maana mimi hakuweza kunisemesha tena. "Mwambieni huyo baba, kuku anayelalia mayai ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama mmoja akajaribu kutusaidia. "Si wachinje kondoo, wasafishwe? Wameshikana bila kujua."

"Kondoo atasafisha mkono," mama mkwe akasema ndani ya kitambaa. "Hayo maneno ya kuugua kwangu, atayasafisha na nini? Mwambieni, Rasoa hatoki. Na blanketi lake litarudishwa."

Nilitaka kujibu. Nikakumbuka siruhusiwi hata kumtazama. Nikashuka.

"Mzee, unaenda wapi?" Wekesa akaita. "Wageni hawajaambiwa mfalme alifanya nini."

Sikugeuka. Nikashika kijia cha kwenye miwa, nikaenda kwa miguu mpaka kwangu Mayoni. Kwenye pikapu ile sirudi tena, na wafalme watajisimulia wenyewe. Ninyi naomba kitu kimoja: Jumamosi msipite kwangu kuuliza.