Wakwe Waja, Vitumbua Havigeuki

Jumatatu, 1 Julai

Chinami kapiga simu asubuhi. Binti yetu wa pekee, yuko Tokyo mwaka wa sita sasa. Jumapili anakuja hapa Osaka na mchumba wake, Daigo, pamoja na wazazi wa Daigo kutoka Akashi. Wazazi waonane na wazazi. Hataki hoteli. Hataki watu wavae suti na kuinamiana mpaka chakula kipoe. Anataka vitumbua vya pweza, hapa hapa nyumbani, chuma katikati ya meza na kila mtu na jasho lake.

Kisha akaniomba nimsikilize vizuri. "Baba, safari hii hakuna mipango yako. Ukiharibu tena, tunafunga ndoa bila wewe. Nakupenda, lakini nitafanya hivyo."

Anamkumbuka mchumba wa kwanza. Mwaka juzi nilimfuata yule kijana stesheni saba, kofia usoni na barakoa juu, nijue tabia yake. Stesheni ya saba alinishika mkono akaniuliza kama nimepotea, mzee wa watu. Chinami alininyamazia miezi minane. Kijana hakurudi. Tabia nzuri sana alikuwa nayo, nilithibitisha.

Nikaapa. Hakuna mipango.

Halafu Daigo akaja kwenye simu. Kijana mpole. Akasema baba yake, Bwana Hamasaki, anasubiri kwa hamu, maana kule Akashi ndiko kwenye pweza wenyewe, na vitumbua vyao ni vya mayai, laini, vya kuchovya kwenye supu. Baba yake huvigeuza mwenyewe, fundi kabisa. Na husema vya Osaka ni unga uliovalishwa sosi ili usitambulike.

Unga! Uliovalishwa!

Nikajisikia nikisema kwamba mimi niligeuza vitumbua kwenye kibanda kimoja mtaani Tennoji, hapa Osaka, miaka saba nilipokuwa kijana.

Sumie alikuwa anakunja nguo. Akaacha kukunja. Katika nyumba hii mke wangu ndiye anayegeuza, tangu tuoane. Mimi nashika bia.

Jumanne, 2 Julai

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina siku sita. Zinatosha.

Sumie akaenda kazini, kliniki ya meno, yeye ndiye hupokea wagonjwa. Nikafunga madirisha. Nikatoa chuma cha vitumbua, kile kizito alichoachiwa na mama yake. Nikakiosha kwa sabuni na brashi ya waya mpaka kikang'aa. Fundi huanza na kifaa safi.

Nikamimina rojo. Nikatia pweza, majani ya kitunguu, tangawizi nyekundu. Nikashika kijiti cha chuma nikageuza.

Hakikugeuka. Kilichanika. Nikageuza cha pili. Kikachanika. Nikavigeuza vyote kwa pamoja, kwa hasira, kikawa kitu kimoja kinachofanana na ramani. Chini kikashika kama saruji. Nikatumia bisibisi. Moshi. Jirani, Bi Nagamine, akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama niite zimamoto au aite yeye. Nikamwambia nafukizia mizimu ya ukoo. Akasema mizimu yangu inanuka unga.

Nikala ushahidi wote kwa kijiko.

Sumie alirudi, akanusa, akafungua kabati. Akakiinua kile chuma kuelekea dirishani. Akauliza nimekifanya nini. Nikasema nimekisafisha, asinishukuru. Akakaa chini. Akasema mama yake alikipaka mafuta miaka ishirini na saba, na yeye miaka kumi na minane baada ya hapo, na hawakukitia sabuni hata siku moja. Weusi ule ndio uliokuwa unaviachia vitumbua.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliwasha moto mdogo, akakipaka mafuta kwa kitambaa, taratibu, akarudia, akarudia. Nilitaka kusaidia. Akasema nisiguse.

Jumatano, 3 Julai

Nahitaji mwalimu. Nimekwenda kwa Bibi Okuno, mwenye kibanda cha vitumbua karibu na bafu la umma. Ana miaka themanini na moja na hageuki kuangalia anachokigeuza. Nilivaa miwani ya jua. Nikasema nina rafiki anayetaka kujifunza. Akasema rafiki yangu aingie, na avue miwani, mvuke utamchoma.

Somo la kwanza, mikono nyuma.

Nikasubiri. Nikauliza sasa? Bado. Sasa? Bado. Rojo linachemka pembeni, linaniita! Akageuka kuchukua kikombe chake cha chai na mimi nikachoma kijiti. Kitumbua kikatoa utumbo.

Bibi Okuno alikitazama kwa huruma, kama mtu aliyekifahamu. Akasema, "Mwanangu, una mikono ya kuku. Inachakura tu. Ukingo ukishika, kitumbua chenyewe kinakuambia. Kabla ya hapo katazame kitu kingine. Katazame basi likipita."

Nikatazama basi. Sekunde nne hivi. Nikachoma vingine sita.

Amenitoa kibandani kwa koleo. Wateja wamepiga makofi.

Alhamisi, 4 Julai

Mvua. Jasho hata ukikaa. Tangu nistaafu kiwanda cha miavuli mwezi Machi, siku za mvua zinanichoma, najiona kama nimeikimbia kazi. Nimetembea kutoka jikoni hadi sebuleni mara arobaini. Sumie akaniambia nikae. Nikakaa. Nikasimama. Akasema jambo lenyewe ni jepesi, nimpigie Chinami nimwambie ukweli, watacheka, yaishe. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri nikitembea. Sijampigia.

Ijumaa, 5 Julai

Mpango mpya, na huu ni wa kisayansi. Nisipoweza kumshinda Hamasaki kwa kugeuza, nitamshinda kwa pweza!

Sokoni nimenunua pweza mzima mbichi, wa Akashi, mwenye mikono minene kama mikongojo. Muuzaji akasema nimsugue kwa chumvi nusu saa mpaka utelezi utoke, ndipo atalainika. Nusu saa! Nimesugua dakika tatu. Pweza kanishinda, kanishika mkono kwa vikombe vyake vyote vya kunatia kama askari.

Nikaitazama mashine ya kufulia. Mashine nayo ikanitazama.

Pweza, chumvi vikombe vitatu, mzunguko wa nguo nyororo. Dakika ishirini na tano. Nimekaa mbele ya kioo nikimwona akipita, mkono, kichwa, mkono, kichwa. Katoka laini kama mto wa mtoto. Mimi ni fundi!

Tatizo moja. Sumie huacha dawa ya kulainisha nguo kwenye kidroo. Pweza ananukia yasmini.

Nimemwosha mara saba. Nimemchemsha. Jikoni kote kunanukia harusi.

Jumamosi, 6 Julai

Sumie amerudi mchana, mdomo umekuwa mstari. Sare yake aliifua jana jioni, baada ya pweza. Leo asubuhi daktari mwenyewe amewauliza wagonjwa wote waliokuwa wanangoja kama kuna aliyekuja na samaki. Mgonjwa wa tano alikuwa mama mmoja mzee, akamnusa Sumie begani, akamshika mkono akamwambia dada, kazi si aibu, hata mimi niliuza dagaa.

Sikuweza kukana. Kulikuwa na kikombe kimoja cha mkono wa pweza mfukoni mwa sare.

Sumie akaweka simu mbele yangu mezani. Akasema, "Baba Chinami, mpigie mwanao. Sasa hivi. Au nampigia mimi na ninaanzia kwenye bisibisi." Alijuaje kuhusu bisibisi?

Nikaandika ujumbe. "Chinami, kuhusu kibanda cha Tennoji." Nikaufuta. Nikaandika tena. Nikaufuta. Ile miezi minane inanijia. Kila Jumapili nilikuwa naitoa simu chaji na kuirudisha, labda ni chaji. Akijua nimedanganya tena, itakuwa miezi mingapi? Na bibi harusi atashikwa mkono na nani kuingia ukumbini?

Nikamwambia Sumie nimetuma.

Halafu nikapata wazo safi, la mwisho, lisilo na madhara kwa mtu yeyote. Fundi aliyeumia mkono bado ni fundi.

Kuna bendeji kwenye kabati la dawa.

Jumapili, 7 Julai

Naandika alasiri, wageni wakiwa wameshaondoka. Niandike kila kitu kabla sijaanza kukumbuka vizuri zaidi.

Saa tano na nusu. Mkono wa kulia nimeufunga kuanzia vidoleni hadi kiwiko. Sumie aliuona nikiwa nashuka ngazi, na wakati huohuo kengele ya mlango ikalia. Alifumba macho kama mtu anayehesabu.

Nikafungua. Chinami mbele, amekonda kidogo, anatabasamu. Tabasamu likauona mkono wangu, likasimama. Daigo nyuma yake. Kisha mama mmoja mfupi mchangamfu, Bi Fusae. Kisha Bwana Hamasaki mwenyewe, dereva mstaafu wa basi, mkubwa kama kabati.

Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye bendeji. Tena ameuning'iniza shingoni!

Tukatazamana. Nikampa pole, akanipa pole. Akasema aliteleza bafuni. Nikasema ngazi. Akasema huzuni iliyoje, alikuwa amejiandaa kutugeuzia vya Akashi. Nikasema msiba kabisa, mimi nami vya Osaka. Akasema basi tungeona. Nikasema tungeona haswa. Nilianza kumpenda.

Tukakaa. Sumie akawasha moto, akapaka mafuta. Chuma kilikuwa kimeanza kurudi weusi wake. Jasho linatutoka wote. Chinami akanimiminia bia, akainua yake, akasema kwa wakwe na afya. Nikainua glasi, nikainywa yote kwa pumzi moja, nikaiweka chini.

Kwa mkono wa kulia.

"Baba," alisema Chinami.

Sikuwahi kusikia neno fupi namna ile. Feni inazunguka. Daigo anaangalia sosi. Nikajua miezi minane imeanza, pengine minane mara kumi.

Nikafungua bendeji. Nikasema yote. Kwamba sijawahi kufanya kazi Tennoji. Kwamba chuma cha bibi yake nilikitia sabuni. Kwamba pweza huyu ameoga na nguo. Kwamba yule kijana wa kwanza alikuwa mtu mzuri na sikuwahi kuomba radhi kwake wala kwake yeye Chinami, na kwamba naomba sasa, ingawa nimechelewa, na kama hataki nije harusini nitakaa nyumbani. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno. Sikuipenda.

Kisha Bi Fusae akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Akamgeukia mumewe, akashika ncha ya bendeji akaivuta, na ikafunguka yote kwa mkupuo mmoja kama kamba ya pia. Akasema, "Huyu! Huyu hajawahi kuchemsha yai! Daigo, baba yako kila akijisifu mimi nipo jikoni nageuza. Jana amenililia nimfunge!"

Bwana Hamasaki akatazama mkono wake mzima kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akainamisha kichwa mpaka kikagusa meza. Nami nikainamisha changu.

Sumie akasimama. Akatupa kila mmoja kijiti cha chuma. Akasema, "Haya, mafundi. Geuzeni."

Hamasaki ana mikono ya kuku kuliko mimi. Aliharibu kumi na mbili, mimi tisa. Ushindi wa Osaka, ingawa hakuna aliyetangaza. Bi Fusae na Sumie wakavuta viti, wakaturudisha nyuma kwa viwiko, na dakika chache baadaye vitumbua vilikuwa vinazunguka vyenyewe, duara, rangi ya dhahabu, nusu kwa sosi na nusu kwa supu. Hamasaki akatafuna kimoja kwa muda mrefu. Akasema kwa adabu kwamba pweza wa Osaka ana manukato. Nikamwambia ni wa kwenu Akashi.

Hapo Chinami akacheka. Alicheka mpaka akalala mezani, akafuta macho kwa bendeji yangu. Mlangoni, wakiondoka, akanishika mkono wa shati. Akasema harusi ni Novemba na nitamshika mkono kuingia ukumbini. Akasema hakuwahi kutaka baba fundi. Alitaka baba anayekaa mezani.

Nikamwambia viatu vyake vina matope.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemsaidia Sumie kukipaka mafuta kile chuma. Moto mdogo, kitambaa, taratibu. Nimekaa dakika kumi na moja bila kusimama, Sumie ni shahidi. Nimemwambia nimeacha. Uongo, mipango, yote. Mtu akishafika miaka sitini na moja anaweza kubadilika kabisa, tena kwa siku moja. Ninajisikia mwepesi. Nimelala mchana kama mtakatifu.

Jumanne, 9 Julai

Bwana Hamasaki kapiga simu asubuhi. Tumeongea saa nzima, kama ndugu. Naye ameacha uongo. Tumepongezana.

Halafu akasema mwenye ukumbi wa harusi ameuliza ni mzazi yupi ataimba ule wimbo wa kale wa kuwabariki maharusi, wa sauti nzito, unaovutwa kutoka tumboni. Akauliza kama mimi, kwa bahati, nauweza.

Nikamwambia nimeuimba kwenye harusi ishirini.

Kikohozi kidogo upande wa Akashi. Kisha akasema yeye ishirini na mbili.

Tumekubaliana kuuimba pamoja, mbele ya watu themanini. Yeye mwenyewe amempigia mwenye ukumbi, limeshaandikwa kwenye ratiba. Sumie yuko kazini, hana haja ya kusumbuliwa. Saa nne nimefika maktaba ya kata, mbio, mvua yote kichwani. Nimemwomba dada wa kaunta kitabu chenye maneno ya wimbo ule, chenye maandishi makubwa.

Amesema kipo kimoja tu katika maktaba zote kuanzia hapa hadi Akashi, na dakika tano zilizopita kuna mzee amepiga simu kutoka Akashi kukiulizia.

Nimekiazima mwezi mzima.