Vijana Wangu Hawafi

Jumatatu, 3 Machi

Profesa ametangaza! Chumba cha hamira kinatafutiwa mkuu, na ufunguo utakuja kwangu au uende kwa Bi Nadhifu. Yule mwenzangu wa maabara anayefuta kitambaa kabla ya kufutia meza. Tuseme tu utakuja kwangu.

Shindano lenyewe jepesi. Unaipandikiza hamira jeni ya kimeng'enya kinachovunjavunja asetamidi. Kisha unailaza kwenye sahani ambayo naitrojeni yote, chakula ambacho hamira haioti bila hicho, imefungiwa ndani ya hiyo asetamidi. Hamira iliyopokea jeni inakula, isiyopokea inalala njaa. Ndivyo tunavyozitambua. Yangu nimeipa jina: vijana wangu.

Tatizo, asetamidi yetu inanuka panya. Sitanii. Ilinimwagikia kwenye koti, nikarudi nalo nyumbani. Mama mkwe, ambaye amekuja kututembelea na haonyeshi dalili ya kuondoka, alinusa makochi yote, mwisho akafika kwangu. Akasema nyumba hii ina panya. Nikageuza maneno haraka, nikamwambia nimeshafanywa mkuu wa chumba. Lilinitoka tu. Akaniongezea chai, jambo ambalo hajalifanya tangu nimwoe binti yake.

Sasa sina budi kushinda.

Jumatano, 5 Machi

Sahani zangu tupu. Upara mtupu! Za Bi Nadhifu zina vidoa vichache, naye anavitazama kama wajukuu. Roho iliniuma, nakiri.

Mchana nilikwenda kula nyumbani. Mama mkwe alikuwa anamgombeza mke wangu kwamba mtu hawezi kulishwa kitu kimoja kila siku halafu ategemewe kunenepa. Kijiko kikanidondoka. Ndiyo! Vijana wangu nimewaonea. Nimerudi maabara, nikapika upya agari, ile jeli ya kuoteshea, nikawatilia kijiko kimoja cha ule mchuzi wa maabara ambao hamira yoyote huupenda. Kimoja tu. Huo si udanganyifu, ni malezi.

Ijumaa, 7 Machi

Wameota! Wamejaa sahani mpaka ukingoni!

Bi Nadhifu akaja na sauti yake ya upole, akauliza hali ya sahani ya ulinganisho, ile ya hamira isiyopandikizwa chochote. Nikamjibu kwa fahari kwamba na hiyo imeota vizuri sana, maana mfano mwema huambukiza. Akaitazama sahani hiyo mara mbili, akaenda zake. Wivu mbaya.

Nyumbani mama mkwe ameleta paka. Paka amelala juu ya koti langu na hataki kushuka.

Jumatatu, 10 Machi

Profesa alikuwa anaeleza jaribio la pili, simu ikaita. Mama mkwe. Paka amelikumbatia koti na anamngurumia kila anayelisogelea. Nikatoka nje kumtuliza mama. Niliporudi nilikuta mwisho tu: kesho hamira zetu zote zitawekwa kwenye dawa kali, binamu wa asetamidi, na keshokutwa tutaona nani kafa nani kapona.

Bi Nadhifu akajitolea kunieleza nilichokikosa. Nikamwambia ahsante, nimeshaelewa. Kinachohitaji kuelezwa ni nini? Dawa ni dawa. Anayepona ameshinda.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nilivaa tai. Sahani zikafunuliwa mbele ya maabara nzima. Vijana wangu wazima, wamenona, hakuna hata mmoja aliyeugua! Za Bi Nadhifu, kimya. Wote wamekufa.

Nilimshika mkono nikampa pole. Nikaomba kusema mawili matatu. Nikazungumzia uvumilivu, malezi, na wenzetu waliojitahidi lakini haikuwa riziki. Profesa aliniacha nimalize. Halafu akasema taratibu:

"Dawa hii haiui mpaka kimeng'enya kiivunje. Mwenye kimeng'enya anajitengenezea sumu mwenyewe. Wako wamepona kwa sababu hawana. Hawajawahi kuwa nacho."

Nikauliza, sasa walikuwa wanakula nini?

"Hilo," akasema, "nilitaka nikuulize wewe."

Nilikiri kuhusu kijiko. Mtu mmoja alicheka mpaka akaomba kiti. Ufunguo akapewa Bi Nadhifu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu, niliona huzuni: nilikitaka kweli kile chumba. Baadaye Bi Nadhifu alinifuata kwenye sinki, akasema, "Kaka, njoo kwangu tuanze upya pamoja. Ila safari hii usiwaonee huruma."

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshakubali moyoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeanza kazi chini ya Bi Nadhifu. Mama mkwe ameuliza ufunguo uko wapi. Nimemjibu kwamba mkuu habebi funguo, ana mtu wa kumbebea. Ameridhika. Anataka kuja Jumatatu kumwona huyo mbeba funguo wangu na kumpa maagizo. Ya Jumatatu nitayaona Jumatatu.

Jaribio tumelianza upya: asetamidi peke yake, bila kuongeza kitu. Bi Nadhifu amerudia kunieleza mara tatu, na sasa nimeelewa kabisa nilipokosea.

Kijiko kilikuwa kikubwa.

Leo, alipotoka kwenda kunawa mikono, nimetia nusu. Na asetamidi nimeipulizia manukato ya mke wangu, ili yule paka anisahau.