Majina Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkuu wa kitengo ametangaza kwamba mwezi huu atachagua naibu wake. Tuko wawili tu: mimi, na mwenzangu tunayemwita Taratibu, kwa sababu hata kikombe cha chai hukiosha kwa mpangilio. Nimeshajiona kwenye kiti cha naibu. Kinazunguka.

Kazi yetu ni kompyuta za hospitali. Wagonjwa huomba miadi kwa programu, na sisi tuna programu nyingine inayoichunga hiyo ya kwanza: imekwama wapi, nani kaomba nini, kajibiwa baada ya muda gani. Mkuu katupa kazi mbili. Moja, habari za wagonjwa zifunikwe kwa nyota ndani ya huo mfumo wa uangalizi, hata sisi mafundi tusizisome. Mbili, cheti cha usalama kibadilishwe. Hicho ni kama kitambulisho cha seva, zile kompyuta kuu. Kikipitwa na wakati, seva hazitambuani, na zisipotambuana hazisemezani. Cha sasa kinaisha Alhamisi ijayo.

Taratibu kachukua nyota. Mimi nimechukua cheti, kwa moyo mkunjufu kabisa. Mtu aliyeshika ufunguo wa mfumo mzima haachwi nje ya ofisi ya naibu.

Jumanne, tarehe 4

Cheti kipya tayari; nitakiweka Alhamisi yenyewe, watu wakiona. Ufunguo wake nimeufunga kwa neno la siri la herufi ishirini na sita. Liko kichwani mwangu tu.

Taratibu akauliza tutalihifadhi wapi ili mwingine alipate siku nikiugua. Nikamjibu kwamba mimi siugui. Akaniangalia kama mtu anayehesabu kitu, kisha akarudi kwenye nyota zake.

Jumatano, tarehe 5

Wazo limenijia nikipita ukumbi wa kusubiri. Kuna skrini kubwa ukutani isiyo na kazi. Je, Mkuu akipita na wageni wake aone mfumo wa uangalizi ukienda mubashara mbele ya watu? Atauliza nani kafanya.

Tatizo: grafu zenyewe zimelala, mstari mmoja kama kamba ya kuanikia nguo. Nikakumbuka kitufe cha kurekodi kila kitu. Ukikiwasha, mistari ya maandishi inateremka bila kukoma. Inapendeza. Taratibu akaniambia nisubiri Jumatatu, nyota zitakuwa zimekamilika. Nikasema sawa. Alipokwenda kula nikawasha.

Watu ukumbini hawakubandua macho. Hata mzee mmoja aliyeitwa kwa daktari alisita kuondoka.

Ijumaa, tarehe 7

Saa tisa alasiri Taratibu alichomoa waya wa skrini, mbele ya watu. Nilimfuata nikiwa nimefura. Hakubishana. Alinikalisha mbele ya kompyuta yake na kuniomba nisome kile kilichokuwa kinateremka.

Nilisoma. Jina, namba ya simu, kliniki. Jina, namba ya simu, kliniki. Watu arobaini na mmoja kwa siku tatu. Mimi nilikuwa nimetazama mwendo wa mistari. Watu ukumbini walikuwa wanaisoma.

Wa kumi na tisa ni dada yangu mkubwa. Kliniki ya masikio, ziara ya sita. Sikuwa na habari.

Taratibu akanishauri nimwambie Mkuu mwenyewe kabla ya kwenda nyumbani. Nikasema jambo kama hili linahitaji ripoti iliyopangwa vizuri. Nitaiandika Jumatatu.

Jumapili, tarehe 9

Mke wangu kapata habari kwa shemeji. Dada, mwalimu wa darasa la kwanza, kaondolewa darasani. Mwalimu mwenzake alimleta mtoto wake hospitali, akasoma skrini, akamwambia mwalimu mkuu. Kwa wema tu, ili dada asaidiwe. Mwalimu mkuu naye, kwa wema, kamhamishia kwenye chumba cha vitabu. Darasa la kwanza wana sauti ndogo, kasema, na asiyewasikia hawezi kuwafundisha.

Nilikwenda kwa dada. Nikamwamkia mara mbili. Akanielekeza kiti kinachotazamana na dirisha, mwanga uniangukie usoni. Siku zote hunikalisha hapo. Nilikuwa nadhani ni heshima, kwamba dada hunisikiliza kwa makini kuliko ndugu zangu wote. Kumbe alikuwa anasoma midomo yangu.

Nikamwambia pole, kompyuta zina mambo yake.

"Kompyuta haikunijua mimi," akasema. "Wewe unanijua."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Nilitaka nimalize mwaka na wale watoto, kisha niseme. Kwa mdomo wangu, siku niliyoichagua. Hiyo siku ndiyo uliyonichukulia, mdogo wangu. Masikio yalishaondoka zamani."

Chai ilipoa.

Jumatatu, tarehe 10

Nimewasilisha ripoti. Kurasa nne. Nilieleza kwamba kitufe kilijiwasha, pengine kwa hitilafu ya umeme.

Mkuu alisoma yote bila kuinua kichwa. Kisha akafungua kumbukumbu za mfumo na kunigeuzia kompyuta. Jina langu, Jumatano, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Niliuagiza mfumo urekodi kila kitu, nao ukarekodi kila kitu.

Hakunifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi. Kaniagiza niandike barua arobaini na moja za kuomba radhi na nizipeleke kwa mikono yangu, mlango kwa mlango.

Alhamisi, tarehe 13

Cheti cha zamani kimeisha saa nne asubuhi. Nikakaa kwenye kiti, nikanyoosha vidole, nikaomba watu wanipishe. Neno la siri halikuja. Nilikumbuka herufi ishirini na tatu. Pengine ishirini na mbili.

Seva zikanyamaziana. Programu ya miadi ilikwama na hatukujua, kwa sababu inayoichunga ilikuwa imepofuka. Ukumbi ukajaa watu wamesimama, wajawazito kwa wazee. Taratibu akaufuta ufunguo wangu, akatengeneza mwingine, na neno lake akaliweka kwenye sefu ya kitengo inayofunguliwa na watu wawili. Dakika arobaini. Kisha akaenda kuosha kikombe chake.

Jumamosi, tarehe 15

Barua arobaini nimezifikisha. Wengine walinipokea mlangoni wakafunga. Mama mmoja aliisoma polepole, akaniuliza kama jirani yake ameiona skrini. Nikasema sijui. Akasema basi atakuwa anajiuliza hivyo kila akimsalimia. Nilitembea mtaa mzima na sentensi hiyo.

Ya mwisho ni ya dada. Akavaa miwani, akasoma, akacheka kidogo.

"Umeniandikia 'Ndugu Mteja'."

Nilikuwa nimebadilisha anwani tu juu ya bahasha. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu. Akaniambia mwalimu mkuu kakubali arudi darasani akishapata kifaa cha kusikia, na watoto wamepangwa nusu duara ili awaone wote. Ni mpango mzuri, kasema. Laiti yeye mwenyewe angeulizwa.

Kisha akanipikia, kama zamani. Nikala nikiwa nimeuelekeza uso kwenye mwanga.

Jumanne, tarehe 18

Taratibu ndiye naibu. Nimempongeza. Kiti kinapiga kelele kikizunguka, sikujua.

Lakini Mkuu hajanisahau. Kaniomba kesho niwaeleze wafanyakazi wote, dakika kumi, uzito wa siri za wagonjwa, kwa kuwa mimi nimeyapitia. Wakurugenzi watakuwepo. Hii ndiyo nafasi. Nikizungumza vizuri, huenda wakaona inafaa kuwa na manaibu wawili.

Nitawagusa mioyo kwa kisa cha kweli. Sitamtaja dada, mimi si mtoto. Nitasema tu mwalimu wa darasa la kwanza, shule ya nyuma ya kituo cha polisi, ambaye mdogo wake anafanya kazi hapa kwenye kompyuta.

Na ili wasidhani natunga, nitaonyesha kumbukumbu zenyewe ukutani. Taratibu alizifuta zote, ila nilikuwa na nakala kwenye simu, kwa usalama. Leo jioni nimejaribu projekta. Majina yote arobaini na moja yanasomeka vizuri, hata kutoka viti vya nyuma.