Mama Mkwe Kizimbani

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kaondoka! Kafuatana na mama yake jana jioni, na blenda kachukua. Kisa? Mama mkwe alikuwa anatusimulia mezani jinsi marehemu mzee alivyokuja kumposa kwa baiskeli, mvua ikimnyeshea. Nikauliza tu: mvua ya mwezi gani? Mbona mwaka jana ulisema kulikuwa na vumbi? Nikambana swali kwa swali mpaka akakubali kwamba huenda baiskeli haikuwapo kabisa. Ushindi mtupu! Mama akatokwa machozi. Sasa mimi, wakili wa ndoa na talaka niliyeota mvi mahakamani, nifanyeje nikisikia ushahidi unaojipinga? Mke wangu anataka nimwombe mama samahani, basi. Thubutu! Wateja wangu wote nawaambia: usikiri kitu.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwandikia mama mkwe barua safi. "Bila kukiri kosa lolote, nasikitishwa na machozi yanayodaiwa kukutoka." Nikagonga na muhuri wa ofisi. Jioni mke wangu kapiga simu. Eti mama kaisoma, kaomba miwani, kaisoma tena, kisha kaifunikia sufuria ya maziwa. Mke wangu kakata simu kabla sijauliza kama hilo ndilo jibu rasmi.

Jumatano, 5 Juni
Kwenye korido ya mahakama nimekutana na Wembe, wakili niliyemfundisha kazi mwenyewe. Kaniuliza mbona shati halijapigwa pasi. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka faili zikamdondoka, akasema, bosi, kaombe radhi yaishe. Ushauri wa bure kutoka kwa wakili? Huyu lazima mke wangu kamwajiri!

Alhamisi, 6 Juni
Nimetafuta shahidi. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwapo mezani siku ile. Nikamlisha vizuri, nikamfunza la kusema: kwamba sauti yangu ilikuwa ya upole. Kafika kwa mama yake, kapewa chai, kageuka! Kasema nilimnyooshea mama kijiko. Shahidi wa hovyo kabisa. Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama. Nimemkumbuka mke wangu mno, nakiri, lakini humu tu, ambamo hakuna hakimu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda mwenyewe. Mama mkwe kanikalisha kwenye kigoda, yeye kwenye kochi. Unampenda mwanangu? Nikaanza kusema inategemea tafsiri. Ndiyo au siyo! Ndiyo, mama. Unamtaka nyumbani? Ndiyo. Uliniumiza? Nikatafuta pingamizi, sikulipata. Samahani, mama, ikanitoka yenyewe. Mlangoni mke wangu akaangua kicheko, na mimi machozi yakanilenga. Kesho wanakuja wote kula mchana. Nimedeki nyumba nzima nikiimba.

Jumapili, 9 Juni
Chakula kitamu, vicheko tele. Mama mkwe akaanza kisa kingine, chenye mapengo wazi kabisa. Nikauma ulimi. Sikuuliza hata swali! Baada ya matunda nikatoa hati ya maridhiano, kurasa chache tu, nikawaomba watie saini kwamba shauri limefungwa, na kwamba ile samahani haitatumika dhidi yangu popote. Shemeji ashuhudie. Mke wangu akaitazama kalamu, akanitazama mimi, akamwambia mama yake, twende zetu.

Nimeipitia hati upya. Kosa nimeliona: kipengele cha tatu kililegea. Kesho asubuhi nakata rufaa.